Msako ulioanzia 1966: kisa cha heksamethoniamu

Tarehe 4 Mei 2001, mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alivuta kwa njia ya hewa takriban gramu moja ya dawa iitwayo heksamethoniamu. Alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha pumu na mzio cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Dawa ile haikuwa ya kumtibu. Alikuwa amejitolea kushiriki katika utafiti. Kesho yake akaanza kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi. Tarehe 9 alilazwa akiwa na homa, oksijeni imepungua mwilini na picha ya kifua inaonyesha kasoro. Tarehe 12 akahamishiwa kwa wagonjwa mahututi. Tarehe 2 Juni akafariki dunia, viungo vyake vikiwa vimeshindwa kufanya kazi kimoja baada ya kingine.

Jina lake liliandikwa sana magazetini wakati ule na sina haja ya kulirudia. Ninachokichambua ni sehemu moja tu ya kisa chake, ambayo hunijia kila mara ninapokaa mezani kazini. Makala za kitabibu zilizoeleza kwamba watu waliotumia dawa ile walikutwa na mapafu yaliyoharibika zilikuwapo tangu miaka ya 50. Zilichapishwa, zikajalidiwa, zikapangwa rafuni, zikaingizwa kwenye faharasa. Hakuna aliyezificha. Mtafiti alitafuta, na hakuzipata.

Niseme mapema kwamba mimi ni mkutubi, kwa hiyo nina upande. Wenzangu wengi hukisimulia kisa hiki kama mtu anayetetea tonge lake: laiti wangemwita mkutubi, dada yule angekuwa hai. Mambo hayakuwa mepesi hivyo, na nitaeleza kwa nini. Lakini kukipuuza kisa hiki kwa kuwa wanaokisimulia ni wenye kazi yao nako ni kosa.

Dawa iliyotoka vichwani mwa watu

Mtu mzima wa afya akivuta pumzi ndefu, njia zake za hewa hutanuka na huwa ngumu kubana hata zikichokozwa. Kwa mwenye pumu kinga hiyo ni dhaifu. Watafiti walitaka kujua kama neva zina mkono katika jambo hilo, na njia waliyochagua ilikuwa kuzinyamazisha neva za njia za hewa kwa muda mfupi kisha waangalie kinachotokea. Heksamethoniamu hufanya hasa hivyo: huziba mawasiliano kwenye vifundo vya neva.

Uwezo huohuo ndio ulioifanya kuwa dawa ya shinikizo la damu katika miaka ya 50. Baadaye zikaja dawa nzuri zaidi, zisizomtesa mgonjwa kiasi kile, na mwaka 1972 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaiondolea idhini. Maana yake ni kwamba ilipofika 2001, daktari wa miaka 40 au 45 hakuwa amewahi kuiandika kwenye cheti cha dawa hata mara moja. Hakuwa na kumbukumbu ya mgonjwa aliyekohoa kwa ajili yake. Waliokuwa na kumbukumbu hizo walikuwa wamestaafu au wamekufa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa nje ya kazi yetu hulikosea. Hufikiri maktaba inahifadhi yale yanayojulikana. Kwa kweli yanayojulikana hayana shida. Yamo midomoni mwa watu, ukiuliza korido nzima utajibiwa. Maktaba ina kazi ngumu zaidi pale ambapo jambo lilijulikana, likaacha kuhitajika, likatoka vichwani, kisha siku moja likahitajika tena na mtu ambaye hajui hata kwamba liliwahi kujulikana. Mtu wa namna hiyo haji kukuuliza swali sahihi, kwa kuwa hana kinachomwashiria kwamba swali lipo.

Mtafiti hakukaa bure. Alitafuta katika PubMed, hifadhidata kubwa ya makala za tiba inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na akatazama kitabu cha kiada. Alipata tafiti chache zilizoanza kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 70, ambamo watu wapatao 20 kwa jumla walivutishwa heksamethoniamu bila madhara makubwa kuripotiwa. Ukiwa na matokeo hayo mkononi, na msako wako haujatoa onyo lolote, ni rahisi kuona njia ni nyeupe. Kamati ya chuo iliyochunguza baadaye ilisema alitafuta kwa nia njema. Sina sababu ya kulikataa hilo. Nia njema ndiyo inayokifanya kisa hiki kisomeke. Msako wa mvivu usingetufundisha chochote.

Kwa nini 1966

Wakati ule PubMed ilianzia mwaka 1966. Makala ya 1965 kurudi nyuma haikuwamo, na skrini haikukuambia. Ulikuwa unaandika neno, unapata orodha, na orodha inakaa mbele yako imetulia kana kwamba ndiyo yote.

Mwaka ule haukuchaguliwa kwa sababu za kitabibu. Katikati ya miaka ya 60 ndipo faharasa ya makala za tiba ilipohamishiwa kwenye kompyuta. Mfumo wa kwanza ulianza kazi 1964. MEDLINE, uliowezesha kutafuta kupitia laini za simu, ukafuata 1971. Vyote vilivyotangulia vilibaki kwenye karatasi, katika majalada mazito ya Index Medicus yenye maandishi madogo ya kuumiza macho. Mtu hutafuta mada, hushusha kidole mstari kwa mstari, hunakili namba ya jarida, halafu hufungua jalada la mwaka unaofuata na kuanza tena.

Index Medicus ilianzishwa 1879 na John Shaw Billings, daktari wa jeshi aliyepewa maktaba ya ofisi ya mkuu wa madaktari wa jeshi na kuigeuza kuwa kubwa kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba chanzo kilikuwa hasira yake ya ujana: alipokuwa mwanafunzi akiandika tasnifu kuhusu upasuaji wa kifafa, ilimlazimu kupekua vitabu kwa mamia ili apate taarifa chache za wagonjwa. Akaapa kwamba daktari wa baadaye asihangaike vile. Na hili ni la kando, lakini siwezi kuliacha: Billings huyohuyo ndiye aliyechora ramani ya Hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa 1889. Mtu aliyeijenga hospitali ndiye aliyeijenga faharasa ambayo, miaka 112 baada ya hospitali kufunguliwa, hakuna aliyeifungua.

Sasa nifike kwenye kiini. Kwa miaka mingi kabla ya 1997, msako wa MEDLINE kwa kawaida hukuufanya mwenyewe. Ulikuwa na lugha yake ya amri, kila dakika ya muunganisho ililipiwa, kwa hiyo daktari alikwenda maktaba, akakaa na mkutubi, akaeleza anachotaka. Mkutubi alimhoji, kisha ndiye aliyeketi kwenye mashine. Mwaka 1997 PubMed, mlango wa kutafutia MEDLINE, ikafunguliwa bure kwa kila mtu mwenye intaneti. Ilikuwa neema kubwa, na nitakuwa wa mwisho kutaka turudi nyuma. Lakini yale mahojiano yalikuwa yamebeba kitu ambacho hakuna aliyekiandika popote kwa sababu kilikuwa midomoni mwa wakutubi tu: “Hii inaanzia 1966. Dawa yako ni ya zamani? Basi tukimaliza hapa tunapanda juu kwenye majalada.” Chombo kikahamia mezani kwa daktari. Sentensi ile haikuhama nacho.

Huo ndio msimamo wangu katika kisa hiki. Kutafuta ni kazi ambayo mtu mwenye akili anajifunza kwa wiki moja. Thamani ya mkutubi mle ndani ilikuwa kujua mahali chombo kinapoishia, na kulisema bila kuulizwa.

Kichwa cha habari cha 1957

Mwaka haukuwa kikwazo pekee, na hapa wengi wanaokisimulia kisa hiki huishia njiani. Ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia ulinzi wa washiriki wa utafiti, OHRP, ilisema kwa ukali kwamba taarifa juu ya madhara ya heksamethoniamu kwa mapafu zilipatikana kwa misako ya kawaida ya MEDLINE na ya intaneti, na katika vitabu vya karibuni vya patholojia ya mapafu. Yaani hata upande huu wa 1966 kulikuwa na alama. Kwa nini basi mtu atafute asizione?

Chukua makala mbili za zamani. Ya kwanza ilitoka 1954 katika British Heart Journal, na kichwa chake kinazungumzia mabadiliko ya mapafu wakati wa tiba ya shinikizo la damu kwa heksamethoniamu. Kila kitu kimo: dawa, kiungo, ugonjwa. Ukiandika jina la dawa unaipata, mradi mwaka wake umo ndani ya chombo chako.

Ya pili ni ya 1957, katika American Journal of Medicine. Kwa Kiswahili, kichwa chake kinakaribia hivi: ugonjwa wa mapafu unaofuatia kuzibwa kwa muda mrefu, kwa kemikali, kwa vifundo vya neva. Kisome tena. Jina la dawa halimo. Aliyeandika alitaja kazi ya dawa, akaacha jina lake, kwa sababu daktari wa 1957 alijua mara moja ni dawa za kundi gani. Msomaji wa 2001 anayetafuta kwa jina la dawa ataipita makala hii kama mtu anayeuliza nyumba kwa jina la mpangaji wakati mtaa mzima unaijua kwa jina la mwenye nyumba.

Ongeza hili: rekodi za MEDLINE kabla ya 1975 kwa kawaida hazina ikisiri, yaani muhtasari wa makala. Una kichwa cha habari, waandishi, jarida, na istilahi za mada alizozichagua mtu aliyeisoma makala. Makala ya mapitio ya mwaka 1970 inayohusu dawa zinazoharibu mapafu inaweza kuitaja heksamethoniamu katika aya moja kati ya 50. Jina hilo halitatokea kwenye kichwa, ikisiri hakuna, na mwenye kuchagua istilahi hataweka kila dawa iliyotajwa. Ukitafuta dawa, hauioni. Ukitafuta kutoka upande wa pili, yaani magonjwa ya mapafu yanayoletwa na dawa, unaikuta, unaifungua, unasoma, na katika ukurasa wa tano dawa yako inakutazama.

Kuligeuza swali namna hiyo ndiko ninakokuita ufundi. Ni jambo dogo ukilitazama limeshafanyika. Aliyeingia kwenye utafiti kupitia dawa hufikiri kupitia dawa; hana sababu ya kusimama upande wa pafu na kuangalia nyuma. Mkutubi hana mapenzi na dawa wala na pafu, kwa hiyo huzunguka nyumba yote.

Nilishuhudia jambo la aina hii mezani kwangu, dogo na lisilo na hatari. Mwanafunzi wa famasia alikuja na karatasi moja ya matokeo. Alikuwa anatafuta tafiti za usumu wa mmea aliokuwa akiushughulikia, na alikuwa amefanya kama alivyofundishwa: akachukua jina la kisayansi linalokubalika sasa, Gymnanthemum amygdalinum, akaliandika, akapata makala chache.

“Madam, hakuna kitu. Nimetafuta kote.”

Nilimuuliza mmea huo uliitwaje kabla. Akanitazama kama nimemuuliza kabila la mmea. Tukaandika Vernonia amygdalina, jina ulilokuwa nalo kabla wataalamu wa mimea hawajauhamisha jenasi, na orodha ikaanza kushuka, skrini baada ya skrini. Hakusema kitu kwa muda, halafu akauliza kwa nini kompyuta haikumwambia. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kompyuta hujibu ulichoandika, na kwamba mmea haujui kama umebadilishiwa jina.

Kikohozi cha mtu wa kwanza

Tuseme basi makala zile zingepatikana. Je, utafiti usingefanyika?

Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu. Wagonjwa wa miaka ya 50 walikuwa watu wenye shinikizo kali la damu, waliotumia dawa kwa miezi au miaka, kwa kumeza au kwa sindano. Baltimore kulikuwa na watu wazima wa afya, dozi moja, kwa kuvuta. Mtafiti mwenye hoja angeweza kuiambia kamati ya maadili kwamba hali hizi hazifanani, na kamati ingeweza kukubali. Siwezi kuapa kwamba ingekataa.

Lakini aliyefariki alikuwa mshiriki wa tatu. Wa kwanza, aliyepewa dawa mwishoni mwa Aprili, naye alipata kikohozi na kuishiwa pumzi, hali iliyodumu takriban wiki moja. Kikohozi chake hakikuripotiwa kwa kamati wakati ule. Wa pili akapewa dawa, hakupata lolote. Kisha wa tatu.

Fikiria kikohozi kile cha kwanza kikisomwa na mtu mwenye makala ya 1954 mezani. Mtu asiye na makala huona kikohozi: huenda ni mafua, huenda ni muwasho wa mvuke, kitapita. Na kweli kilipita. Aliyesoma juu ya mapafu yaliyojaa majimaji mazito yanayogeuka kovu angesita. Angeomba picha ya kifua, angesimamisha dozi inayofuata, walau angeandika barua kwa kamati. Naamini hapo ndipo makala zile zingefanya kazi yake. Zisingeuzuia mlango; zingebadilisha maana ya ishara iliyojitokeza baada ya mlango kufunguliwa.

Kuna na fomu ya ridhaa. Iliieleza heksamethoniamu kama dawa iliyotumika wakati wa upasuaji kama sehemu ya usingizi. Haikusema kwamba FDA iliiondolea idhini. Mtu anayejitolea hawezi kupima hatari ambayo haikuandikwa, na mwandishi wa fomu hawezi kuandika hatari ambayo msako wake haukumletea. Kuhusu idhini iliyoondolewa, hata hivyo, hilo halikuhitaji mkutubi, na sitalipachika kwenye kazi yetu ili ionekane kubwa.

Kwa jumla makosa yalikuwa mengi. OHRP ililaumu msako, ililaumu kamati ya maadili, ililaumu jinsi dalili za mshiriki wa kwanza zilivyoshughulikiwa. Tarehe 19 Julai 2001 ilisimamisha karibu tafiti zote za Johns Hopkins zinazohusisha watu na kulipiwa na serikali ya shirikisho, kisha siku chache baadaye ikaziruhusu kuendelea kwa masharti. Mkutubi angeziba tundu moja katika nyavu yenye matundu kadhaa. Najua tundu hilo lilikuwa la mwanzo, kabla ya mengine, na lilikuwa la bei rahisi kuliko yote kuziba.

Ushahidi wa urahisi huo ulikuja mapema mno, na kwa namna chungu. Habari zilipoenea, wakutubi wa tiba walifanya msako wao wenyewe. Makala za miaka ya 50 walizipata bila taabu kubwa, kwa vyombo vilevile vilivyokuwa katika maktaba yoyote ya maana ya chuo cha tiba. Wengine waliona fahari. Mimi huwa naona aibu kidogo nikisoma sehemu hiyo, kwa sababu inazua swali ambalo hatupendi kuulizwa: kama tulikuwa tunajua kwamba PubMed inaanzia 1966, na tulijua kwamba madaktari sasa wanaitumia peke yao, tulimwambia nani? Kukaa mezani kusubiri mtu aje kuuliza kulitosha zama za majalada. Mtu alilazimika kuja. Alipoacha kulazimika, sisi hatukutoka kumfuata haraka inavyopaswa.

Ukingo umehamia wapi

Baadhi ya mambo yamerekebishwa. Maktaba ya Taifa ya Tiba iliingiza hatua kwa hatua rekodi za zamani kutoka kwenye faharasa za karatasi, na sasa PubMed inarudi nyuma hadi miaka ya 40. Index Medicus ya karatasi iliacha kuchapishwa 2004. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa viwango vya mapitio ya utaratibu, yaani zile kazi zinazokusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima pamoja, na kimojawapo kinataka msako upangwe pamoja na mkutubi au mtaalamu wa taarifa aliyefunzwa. Kingine kinataka mkutubi mwingine, asiyehusika, aukague mkakati wa msako kabla haujatumika. Hiki cha pili nakipenda zaidi. Kinakiri kwamba hata sisi tunasahau upande mmoja wa nyumba.

Mengine yamehamia kwingine. Wale watu waliosoma makala na kuchagua istilahi za mada kwa mkono wamepunguziwa kazi: tangu 2022 uwekaji wa istilahi katika MEDLINE hufanywa na programu, na watu hukagua sehemu tu. Makala huingia haraka zaidi, na hilo ni jema. Lakini sasa, mtu akitafuta kutoka upande wa pafu, kinachoamua kama ataiona makala ya dawa ni hukumu ya programu, na anapaswa kulijua hilo kama alivyopaswa kujua kuhusu 1966.

Na ukingo haujafutika, umesogea. Tasnifu zilizolala vyuoni, majarida ya lugha zisizoingizwa kwenye hifadhidata kubwa, majaribio ya dawa yaliyofanyika na hayakuchapishwa kwa sababu matokeo yalikatisha tamaa, ripoti za wizara, vitabu vya kabla ya miaka ya 40. Ukitafuta leo usipate, unaweza kuwa umesimama kwenye 1966 nyingine bila kuiona. Mashine za kujibu maswali zimeongeza ugumu: orodha ya PubMed ilikuwa walau na mwisho unaoonekana, lakini jibu lililoandikwa kwa aya laini halionyeshi mshono wowote. Nimeletewa marejeo ya makala yenye waandishi, jarida na kurasa, nikayatafuta asubuhi nzima, na hayakuwapo popote. Kusema “hii haipo” kulinichukua muda mrefu kuliko ambavyo kungechukua kuipata kama ingekuwapo.

Nilibadilisha jambo moja tu katika kazi yangu baada ya kukisoma kisa hiki vizuri. Zamani nilipomkabidhi mtu matokeo ya msako niliandika juu yake mada, tarehe na idadi ya makala. Sasa kuna mistari minne. Nilitafuta wapi. Kwa maneno gani, pamoja na majina ya zamani ya kitu hicho. Kuanzia mwaka gani. Na wa nne: sikutafuta wapi. Huo wa nne huwa mrefu kuliko mitatu ya kwanza ikijumlishwa, na ndio unaonichukua muda, kwa sababu unanilazimisha kuziandika rafu ambazo sikuzifikia.

Kuna daktari mmoja huniletea maswali mara kwa mara. Mara ya kwanza alipoiona karatasi hiyo aliudonoa mstari wa nne kwa kalamu.

“Sasa huku ambako hukutafuta,” akasema, “unanipa kazi au unanionya?”

Nikamwuliza dawa yake ilianza kutumika mwaka gani. Hakujua. Akavuta kiti.